Nyumba Njema Si Mlango

*Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani waishio Marekani, uliofanyika Minneapolis. Imechapwa hapa kwa ombi la wanachama, hasa wale ambao hawakuweza kufika.*



 

Kamati iliponiandikia kuniomba niseme machache, iliniachia nichague mada mwenyewe. Najua wapo waliotazamia nizungumzie kengele ya saa kumi na moja alfajiri, shamba la shule na uji usio na sukari. Hayo tutayazungumza jioni, maana hayahitaji karatasi. Mimi nimechagua jambo ambalo nimeulizwa kwa simu mara nyingi kuliko jingine lolote tangu familia yangu ilipohama hapa Minnesota kwenda Texas. Swali lenyewe ni hili: "Kaka, tumechoka na baridi. Tunataka kuhamia majimbo ya joto. Nyumba za huko zikoje?"

Swali hilo ni la haki. Mwezi Januari 2019 tulikuwa hapa hapa mjini wakati kipimajoto kiliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yake yalikwisha kuchoka kwa jembe la miaka arobaini, alikaa ndani majuma mawili bila kuvuka kizingiti. Mtu akikuambia baada ya hapo kwamba lipo jimbo ambalo Desemba unaanika nguo nje, hakuna haja ya kukushawishi.

Lakini swali la "nyumba zikoje" halina jibu la simu. Mimi na mke wangu tulitumia karibu miaka miwili kulitafuta jibu lake, na katika muda huo tulikataa nyumba tatu ambazo kwa macho zilipendeza sana. Ningependa leo nieleze tulitafuta nini na tulikitafuta wapi.

Ninyi mnajua kwamba mimi ni mtumishi wa serikali. Nilipomaliza Chuo Kikuu nilianza kazi nyumbani, katika masjala ya wilaya, na huku ughaibuni nimeendelea na kazi hiyo hiyo ya makaratasi katika ofisi za serikali za mitaa. Kama kuna jambo moja ambalo majalada yamenifundisha pande zote mbili za bahari ni hili: habari mbaya ya nyumba, karibu kila mara, imeandikwa mahali fulani. Imekaa katika jalada ambalo aliyenunua hakulifungua, kwa sababu alikuwa anatazama jiko.

Maji kwanza

Nitaanza na maji, na nitaanza na mwenzetu mmoja aliye katika ukumbi huu. Amenipa ruhusa ya kueleza habari zake, ila si jina lake.

Ndugu huyu alinunua nyumba ya matofali magharibi ya Houston. Vyumba vinne, shule nzuri, ukoka wa kijani, na hakuna mto karibu. Ramani ya mafuriko ilionyesha kwamba mtaa wake hauko katika eneo la hatari kubwa, kwa hiyo benki iliyomkopesha haikumlazimisha kukata bima ya mafuriko. Naye hakukata.

Kimbunga Harvey kiliingia pwani ya Texas tarehe 25 Agosti 2017, kikakaa siku kadhaa kikimwaga mvua. Mahali paitwapo Nederland palipimwa zaidi ya milimita 1,500 katika siku hizo chache. Kwa ninyi mnaoikumbuka Dar es Salaam, hiyo ni zaidi ya mvua ambayo jiji lile hupata kwa kawaida katika mwaka mzima. Katika kaunti ya Harris peke yake nyumba zaidi ya 150,000 ziliingia maji, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nje ya lile eneo ambalo ramani ililiita la hatari kubwa.

Kwa mwenzetu maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole kutokea nyuma ya mtaa, yakaingia ndani, yakakaa siku nyingi. Yalitoka wapi, na mto haupo? Yalitoka kwenye bwawa. Kuna mabwawa mawili magharibi ya Houston, Addicks na Barker, yaliyojengwa na wahandisi wa jeshi la Marekani katika miaka ya 1940 ili kuukinga mji usizame. Mabwawa haya hukaa makavu karibu mwaka mzima. Ukipita hapo utaona tuta refu lenye majani na watu wanaokimbia mazoezi. Mvua kubwa ikija, milango hufungwa na maji hujikusanya nyuma ya tuta.

Sasa sikilizeni vizuri. Serikali ilipojenga mabwawa haya haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifunika. Sehemu iliyobaki ilikuwa mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe. Miaka ikapita, mji ukakua, mashamba yakauzwa, viwanja vikapimwa, na maelfu ya nyumba yakajengwa ndani ya bwawa lenyewe. Wengi wa wenye nyumba hizo hawakujua hivyo mpaka maji yalipowafikia.

Lakini habari hiyo ilikuwa imeandikwa. Kwa baadhi ya mitaa ile, ramani ya upimaji iliyosajiliwa katika kaunti ya Fort Bend ilikuwa na sentensi moja, kwa herufi ndogo, ikisema kwamba mtaa huo unapakana na bwawa na kwamba maji yaweza kuachwa kuufunika kwa muda. Sentensi moja tu, ndani ya jalada, na yeyote aliyetaka angeweza kwenda kuisoma.

Mwezi Desemba 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba serikali inawajibika kwa hasara ya watu wa juu ya mabwawa. Hata hivyo, kesi ya aina hiyo huenda kwa mwendo wa kobe, na mtu hawezi kulala juu ya hukumu. Fedha ambayo ndugu yetu alikuwa amemtengea mama yake nyumba ya bati kule nyumbani ndiyo iliyonunua mbao, jipsamu na zulia jipya. Mama aliingia katika nyumba yake miaka minne baadaye. Chama chetu kilichanga, na yeye ameniomba nirudie shukrani zake. Lakini michango ya chama haiwezi kushindana na bwawa.

Kwa hiyo, mambo ya kufanya kuhusu maji ni haya.

Kwanza, tazama ramani ya mafuriko ya serikali ya shirikisho. Inapatikana bure, unatafuta kwa anwani ya nyumba. Ila ujue inavyosema. Watu husikia "mafuriko ya miaka mia" wakadhani kwamba yakitokea mwaka huu basi wajukuu ndio watakaoyaona tena. La hasha. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika mia. Ukikaa na mkopo wa nyumba miaka 30, nafasi ya kuyaona walau mara moja ni kama asilimia 26. Yaani zaidi ya robo. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angepanda basi akiambiwa kwamba katika kila safari nne moja hupinduka.

Pili, usiishie kwenye ramani hiyo. Uliza juu ya mabwawa, mifereji na matuta yaliyo karibu, na usome ramani ya upimaji wa mtaa iliyosajiliwa kaunti, herufi ndogo na zote. Nyumba ya kwanza tuliyoikataa tuliikataa kwa karatasi hiyo tu. Watoto walikuwa wamekwisha kugawana vyumba.

Tatu, kumbuka Jiografia ya kidato cha pili. Mwalimu wetu alitutesa kwa mistari ya kontua mpaka tukaiota usiku. Mimi leo namshukuru. Houston ni tambarare kama meza, na mahali pa tambarare tofauti ya mita moja ni mlima. Ramani za kontua zipo, nazo ni bure.

Nne, soma fomu ya muuzaji. Katika Texas muuzaji wa nyumba iliyokwisha kukaliwa hujaza fomu ya kueleza kasoro anazozijua. Tangu Septemba 2019, baada ya somo la Harvey, sheria inamtaka aseme wazi kama nyumba imewahi kuingia maji na kama iko ndani ya eneo la bwawa. Lakini angalieni: nyumba mpya ambayo haijakaliwa na mtu haibanwi na fomu hiyo. Wengi wetu hupenda nyumba mpya kwa kudhani kwamba upya ni usalama. Nyumba mpya haina historia, lakini ardhi yake inayo.

Tano, mwombe muuzaji akuletee orodha ya madai ya bima yaliyofanywa juu ya nyumba ile katika miaka saba iliyopita. Ni mwenye nyumba anayeweza kuiagiza. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Na mwisho, hata ukiridhika na yote hayo, kata bima ya mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Mpango wa bima hiyo wa serikali ya shirikisho umekuwapo tangu mwaka 1968, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kukata. Ukingoja kusikia jina la kimbunga redioni, umekwisha kuchelewa.

Udongo na msingi

Wenzetu waliokulia Shinyanga, Mwanza na kwingineko kwenye mbuga hawana haja ya kuelezwa udongo mweusi. Ni ule ambao kiangazi hupasuka hata mguu wa mbuzi ukazama, na masika hunasa lori. Basi udongo wa tabia hiyo hiyo umetanda katika sehemu kubwa ya Texas, tangu Dallas kushuka Austin hadi San Antonio, na katika eneo la Houston pia. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka.

Hapa Minnesota nyumba nyingi zina besimenti, na msingi huenda chini kuepuka barafu ya ardhini. Kule nyumba nyingi hukaa juu ya zege bapa lililomwagwa juu ya ardhi. Zege hilo likipinda, nyumba yote husema. Tazama matofali ya nje kama yana ufa unaopanda kama ngazi. Fungua na kufunga kila mlango, kila dirisha. Tazama pembe za juu za milango kama kuna nyufa zilizopakwa rangi mpya. Sisi tulikwenda na chungwa: unaliweka chini katikati ya sebule unaliacha. Katika nyumba ya pili tuliyoikataa chungwa lilitoka sebuleni likaenda zake jikoni bila kuagizwa. Dalali alicheka, nasi tukacheka, lakini tulimwita mhandisi wa majengo, si mkaguzi wa kawaida tu. Mhandisi alisema kwamba msingi utahitaji nguzo za kuuinua, na kwamba bomba la maji taka lililo chini ya zege lilikuwa limekwisha kuvunjika. Gharama ya mhandisi ilikuwa ndogo kuliko pazia za nyumba ile.

Na mchwa je? Ndiyo, mchwa wapo, na nyumba za kule ni za mbao ndani hata kama nje ni tofali. Kuna mkaguzi wa wadudu walao mbao. Mwite. Tumekuja mbali sana kutoka nyumbani kuja kuliwa na mchwa.

Jua nalo lina hesabu yake

Tukisema "jimbo la joto" tunafanya kama joto ni zawadi tu. Sivyo.

Wanaoifikiria Phoenix, katika jimbo la Arizona, wajue kwamba mwaka 2023 mji ule ulikaa siku 31 mfululizo, tangu Juni 30 hadi Julai 30, joto la mchana likifika nyuzi 43 au kupita. Katika mwaka huo kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Na mapema mwaka huo huo watu wa kijiji kimoja cha pembezoni, Rio Verde Foothills, walijikuta wakisaka maji ya kununua kwa magari baada ya mji jirani wa Scottsdale kusimamisha maji yaliyokuwa yakipelekwa kwao. Nyumba zilikuwa nzuri, na mabomba yalikuwapo ukutani. Swali ambalo wengine hawakuuliza ni: maji ya bomba hili yanatoka wapi, na nani ameahidi kwa maandishi kwamba yataendelea kuja?

Wanaoifikiria Florida waulize mwaka wa kujengwa. Baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992 jimbo lile lilikaza kanuni za ujenzi, na kanuni moja ya jimbo zima ilianza kutumika mwaka 2002. Nyumba iliyojengwa baada ya hapo na ile iliyojengwa kabla si ndugu mbele ya upepo wala mbele ya kampuni ya bima. Na anayetaka chumba katika ghorofa la pwani akumbuke Surfside, Juni 24, 2021, jengo lilipoanguka usiku na kuua watu 98. Nyufa na kutu ya jengo lile zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika ripoti ya mhandisi mwaka 2018. Soma mihutasari ya mikutano ya wenye jengo, na uulize mfuko wao wa matengenezo una kiasi gani.

Na Texas yenyewe si ya joto siku zote. Februari 2021 baridi iliingia, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na mabomba yaliyopitishwa darini yakapasuka nyumba kwa nyumba. Jimbo lilihesabu vifo 246. Kwa hiyo tulipokagua nyumba tuliuliza mambo ambayo mtu wa Minnesota hangeambiwa aulize kule: mabomba yamepita wapi, na koki kuu ya kufungia maji iko wapi? Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita, zaidi ya wateja milioni mbili wa Houston na jirani zake walikosa umeme katika joto kali. Sisi tulikaa siku sita. Ndipo nilipoona faida ya dari iliyotandikwa vizuri, madirisha yanayopitisha hewa, na mti mkubwa upande wa magharibi. Kiyoyozi kiulizwe umri wake kama unavyouliza umri wa gari. Paa nalo liulizwe hivyo hivyo, maana kampuni za bima huuliza.

Gharama zisizopigwa picha

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Wengi wetu tunaishia hapo tukaanza kufunga mizigo. Lakini serikali za mitaa lazima zile, na huko zinakula kwenye nyumba. Ankara ya kodi ya nyumba huwa na mikono mingi: kaunti, wilaya ya shule, mji, na katika mitaa mipya wilaya ya huduma ya maji ambayo ilikopa kujenga mabomba na barabara na sasa inawarudishia deni wakaaji. Yote yakijumlishwa, katika baadhi ya mitaa mipya kodi yaweza kukaribia asilimia 3 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Chukua nyumba ya dola 350,000: asilimia 3 ni dola 10,500 kwa mwaka, yaani dola 875 kila mwezi, juu ya mkopo, na haimaliziki hata mkopo ukiisha.

Halafu kuna mtego mdogo. Ankara anayokuonyesha muuzaji ni yake, si yako. Sheria inazuia thamani ya kodi ya anayekaa nyumbani mwake isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na wazee waliofika miaka 65 wana ukomo wa kodi ya shule. Ukinunua kwa mzee aliyekaa miaka 25, ukomo wake unaondoka naye. Piga hesabu kwa bei yako wewe. Ni hesabu hiyo iliyotufanya tuiache nyumba ya tatu, na ndiyo mke wangu aliipenda kuliko zote. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alichukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe, akasema, "Haya, twende tukatazame nyingine."

Pia soma kanuni za chama cha wenye nyumba wa mtaa kabla hujatia sahihi. Wapo humu madereva wa malori, na mitaa mingi ya namna hiyo hairuhusu lori kulala mbele ya nyumba. Mitaa mingine haitaki mahindi mbele ya nyumba, wala kuku popote. Ukivunja kanuni utatozwa faini. Kanuni hizo zimesajiliwa kaunti. Soma.

Mtaa na watu wake

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Kwa sababu hiyo dalali mwangalifu hatakujibu ukimwuliza mtaa huu ni wa watu gani. Usimkasirikie. Sheria hiyo ilipatikana kwa jasho la watu. Hapa hapa Minneapolis, tangu mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamefukua maelfu ya hati za nyumba za zamani zenye masharti ya kukataza watu weusi na wengine kununua au kukaa. Mahakama Kuu ya nchi ilisema mwaka 1948 kwamba masharti hayo hayawezi kutekelezwa mahakamani, na sheria ya 1968 ikayapiga marufuku kabisa. Narudi pale pale: majalada husema, ya heri na ya shari.

Basi kwa kuwa dalali hawezi kukuambia, nenda ukaone. Nenda Jumatatu saa moja asubuhi uendeshe gari mpaka kazini. Nenda Ijumaa usiku. Nenda mvua ikinyesha, utazame maji yanasimama wapi. Houston haina sheria ya kugawa maeneo ya makazi na ya biashara kama miji mingine mikubwa ya Marekani, kwa hiyo uwanja mtupu ulio jirani yako waweza kuwa gereji mwakani, isipokuwa masharti ya hati za mtaa huo yanakataza. Tazama nani anakaa nje jioni. Msalimie. Mimi nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa anamwagilia maua, "Mzee, mwaka 2017 maji yalifika wapi hapa?" Alininyoshea kidole kwenye jiwe la ukingo wa barabara: "Hapo. Hayakupanda." Nikaenda kwa jirani wa pili na wa tatu, wakanyosha kidole pale pale. Katika miaka yangu ya utumishi sijapata kuona ushahidi ulio bora kuliko mashahidi watatu wasioulizwa pamoja.

Na kwa ajili ya mama mkwe tuliuliza lake: anaweza kwenda wapi kwa miguu yake? Nani atamsalimia kwa Kiswahili? Houston na Dallas zina Wacongo, Wakenya na Watanzania wa kutosha, lakini maili thelathini za barabara kuu si ujirani.

Siku za hiari

Nimalizie na utaratibu. Kwanza, kama inawezekana, panga kwa mwaka mmoja kabla ya kununua. Sisi tulipanga. Watu husema kupanga ni kutupa fedha. Mimi nasema ni karo. Pili, kabla dalali hajakutembeza, tangu Agosti 2024 madalali wengi watataka mtie sahihi mkataba; soma atalipwa nini na nani. Tatu, katika Texas mnunuzi anaweza kulipa ada ndogo akapewa siku chache za hiari, ambazo ndani yake anaruhusiwa kujiondoa kwa sababu yoyote. Siku hizo si za kuchagua pazia. Ni za mkaguzi mwenye leseni, mhandisi, mtu wa mchwa na fundi bomba mwenye kamera. Mkaguzi mchague mwenyewe, na uwepo anapokagua. Panda naye ngazi.

Nyumba tuliyonunua mwishoni ni ndogo kuliko ile tuliyokuwa nayo hapa. Ilijengwa miaka ya 1980, jiko lake halina fahari, na mtoto wetu wa pili bado analalamika juu ya chumba chake. Lakini mama mkwe huvuka kizingiti kila asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo moja. Wanachama wetu wametawanyika Texas, Arizona, Georgia, North Carolina na Florida. Naomba kila jimbo litoe mwanachama mmoja atakayekuwa macho ya wenzake: mtu anayeweza kuchukua gari akaenda kuutazama mtaa siku ya mvua, akaenda kaunti akaisoma ramani, akampigia simu mwenzake aliye mbali akamwambia alichokiona. Nami najitolea kwa upande wa Houston, na simu yangu Katibu anayo. Shuleni tulipopewa zamu ya kufagia tulifagia mpaka kwenye bweni la wenzetu. Zamu hii ni ya namna hiyo hiyo.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa ruhusa yao naongeza kwamba ukishaingia ndani, toka tena, uende kaunti ukaombe jalada.

 Maswali nitayajibu baada ya chakula, hasa ya bima.